Chema Hakijiuzi Mtandaoni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa kuperuzi. Kila nikipitapita mtandaoni nakutana na makala nzuri, nyingine za kufikirisha, nyingine za kuvunja mbavu, na roho hainipi kuzila peke yangu. Nazituma kwenye kikundi cha familia, kwa wenzangu wa kazini, kwa rafiki niliosoma nao. Kimya. Wiki iliyopita nilituma ile ya mwanafizikia aliyemfanya chura aelee hewani kwa sumaku. Kati ya watu 31, aliyejibu ni shangazi peke yake, naye aliandika "Amina." Kaka yangu amenibandika jina la Redio. Je, watu siku hizi hawapendi kusoma, au mimi ndiye sijui kutuma? Tena nikija kuitafuta makala baada ya miezi siipati, nikiipata haifunguki. Naomba msaada wako.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Lile "Amina" la shangazi nimelicheka, kisha nikanyamaza, maana nimekumbuka mangapi mimi mwenyewe nimeyajibu kwa kidole gumba bila kuyafungua. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa hiyohiyo unayoifanya wewe kwa mapenzi: kusoma makala za watu, kuchagua chache na kuwapelekea wasomaji kila wiki kwa barua pepe. Kimya unachokilalamikia nakijua sauti yake.

Kwanza nikuondolee wasiwasi kwamba ukoo wenu ndio una kasoro. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa taasisi ya Inria ya Ufaransa walifuatilia viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter, wakakuta asilimia 59 havikubofywa na mtu hata mmoja. Mwaka huohuo tovuti ya mzaha iitwayo Science Post ilitoa makala yenye kichwa kilichodai kuwa asilimia 70 ya watumiaji wa Facebook husoma kichwa tu cha habari za sayansi kabla ya kutoa maoni. Ukiifungua, baada ya maneno machache ya utangulizi unakutana na Kilatini cha ovyo kile wanachotumia wachapaji kujazia ukurasa mtupu. Ilisambazwa mara zaidi ya 40,000. Na tarehe 1 Aprili 2014, redio ya NPR ya Marekani ilikuwa imeshawatega wasikilizaji wake kwa makala iliyouliza kwa nini Wamarekani hawasomi tena. Aliyeifungua aliambiwa kuwa huo ni mzaha wa Sikukuu ya Wajinga, abofye alama ya kupenda na asitoe maoni yoyote. Maoni yakamiminika, ya watu waliokasirika, wakiapa kwamba wao ni wasomaji wazuri sana.

Kwa hiyo shangazi yako ana wenzake wengi duniani. Ila hilo halikusafishi wewe. Umeniuliza kama tatizo ni watu au ni utumaji wako, na kwa jinsi ulivyoeleza, naona ni utumaji.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nusu ya pili mtandao umeithibitisha kwa hesabu. Machi 2018, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa chuo cha MIT walichapisha katika jarida la Science utafiti wa habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, zikisambazwa na watu wapatao milioni 3. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na programu, matokeo hayakubadilika. Miguu ya uongo ni sisi. Kibaya chajitembeza kwelikweli, kwa sababu kimetengenezwa kwa safari: kina upya, kina mshtuko, na hakihitaji mtu wa kukieleza.

Nusu ya kwanza ndiyo iliyokuponza. Wewe umeamini kwamba makala nzuri itajiuza yenyewe, kwa hiyo umeitoa nyumbani bila msindikizaji. Hebu fungua simu yako uitazame ile ya chura kama alivyoiona shangazi: picha ndogo, kichwa cha habari kilichokatwa katikati kwa nukta tatu, jina la tovuti asilolijua. Juu yake kuna salamu za asubuhi, chini yake kuna tangazo la mchango wa harusi. Kwa macho yake makala uliyoihangaikia na uzushi wa mtu mwingine vimevaa nguo moja. Hakuwa na namna ya kujua kuwa hii ni ya kuchekesha. Aliona kitu kimetoka kwa mtoto wa kaka yake, akakiombea heri.

Na wala si jambo geni. Waliotangulia mtandaoni walilijua mapema. Desemba 1997 Jorn Barger, mwenye tovuti ya Robot Wisdom, ndiye aliyebuni neno "weblog" kwa ajili ya tabia yake ya kuorodhesha kila siku mambo aliyoyasoma akivinjari. Neno hilo lilifupishwa kuwa "blog" mwaka 1999. Leo ukisema blogu watu wanafikiria insha ndefu za mtu kujieleza, lakini mwanzoni ilikuwa ni viungo tu, kila kimoja na maneno machache pembeni. Jason Kottke alianza tovuti yake mwaka 1998 na kazi yake kubwa imekuwa hiyo miaka yote. Msomaji anayerudi kwa watu kama hao hafuati viungo, kwani viungo viko kila mahali. Anafuata sentensi iliyokaa kando ya kiungo, kwa sababu imeandikwa na mtu ambaye ladha yake ameshaizoea.

Sentensi hiyo ndiyo unayoikosa. Nimeangalia mifano uliyoniambatishia. Mmoja hauna neno lolote, kiungo kitupu. Mwingine umeandika "Someni hii!!!" Wa tatu, "Mtashangaa." Mwanangu, "mtashangaa" ni neno la matapeli. Wamelitumia mpaka limechakaa, na mtu mwenye akili timamu akiliona anakaza mkono wake mfukoni. Kumwamuru mtu asome nako hakumpi sababu ya kusoma.

Tuchukue chura huyohuyo. Mimi ningeandika hivi, tena si kwa kikundi bali kwa kaka yako anayekuita Redio: "Mwaka 2000 Andre Geim alipewa tuzo ya mzaha kwa kumwelesha chura hai hewani kwa sumaku. Mwaka 2010 akapewa Nobel ya kweli ya fizikia. Kaka, wewe uliyekuwa unasema fizikia haina raha, anzia aya ya tatu. Ni dakika sita tu."

Tazama kilichomo. Kuna jambo moja la uhakika ambalo ni tamu hata kama hatafungua. Akiishia hapo tayari amepata kitu. Kuna sababu ya kwa nini yeye na si mwingine. Kuna mahali pa kuanzia. Kuna muda utakaomgharimu, na huo watu wengi husahau kuutaja, ilhali ndio swali la kwanza kichwani mwa mtu aliyeshika simu akiwa na shughuli zake. Kama ukurasa umejaa video nzito, mwambie pia, asije akamaliza bando kwa ajili ya chura.

(Kwa wasomaji wengine mnaotusikiliza pembeni: tuzo hiyo ya mzaha inaitwa Ig Nobel, hutolewa tangu 1991 kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Geim ndiye mtu wa kwanza kuzishinda zote mbili kwa jina lake. Nobel yake aliipata pamoja na Konstantin Novoselov kwa kazi ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, ambao mwanzoni waliubandua kwa selotepu. Na kuna makala moja ya kisayansi ya mwaka 2001 ambayo Geim aliiandika na mwenzake aitwaye Tisha. Tisha alikuwa hamster wake, mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya. Mimi nikianza habari za mtu huyu sinyamazi, kwa hiyo namwelewa kaka yako kuhusu Redio.)

Lakini kuna tofauti ambayo ni lazima niikazie, kwa sababu umesema unatuma za kufikirisha na za kuchekesha, na hizo mbili hazisindikizwi kwa njia moja. Makala ya maarifa inapenda uiseme. Toa kiini chake waziwazi, usikifiche. Anayekipenda ataingia ndani kutafuta zaidi. Makala ya kuchekesha inakufa ukiisema. Nani asiyemjua yule mtu anayesimulia kichekesho kwa kuanza na mwisho wake? Yeye mwenyewe anacheka mpaka machozi, wenzake wanamtazama. Kutuma kiungo ukitanguliza nyuso kumi na mbili zinazolia kwa kicheko ni kufanya hivyohivyo. Umemwahidi mtu kwamba atacheka sana, na mtu aliyeahidiwa kicheko hukaa akikisubiri kwa masharti.

Hapo dawa ni kuishia hatua moja kabla. Kwa mfano: "Tarehe 1 Aprili 1990 kuna mhandisi aliandika kanuni rasmi za kupeleka data za intaneti kwa njia ya njiwa. Miaka kumi na mmoja baadaye, watu fulani mjini Bergen, Norway, waliamua kuzijaribu." Weka nukta. Bandika kiungo. Ondoka. Usimwambie kwamba njiwa walipewa pakiti 9, yakarudi majibu 4, na la haraka kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50. Hilo ni lake kulikuta. Mimi nimekuambia wewe kwa sababu uko darasani.

Sasa suala la nani apelekewe. Kikundi cha watu 31 si mtu. Ukituma kwa wote, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekusudiwa, kama vile simu inavyolia kwenye nyumba yenye watu wengi na hakuna anayeinuka. Nakushauri ugeuze hesabu zako: makala nyingi zipeleke kwa mtu mmoja mmoja, kikundi kipate moja kwa wiki, ile iliyokushinda kabisa kuinyamazia. Ukiona makala, usijiulize "hii ni nzuri?" Nyingi ni nzuri. Jiulize ni sura ya nani imekujia kichwani ulipokuwa ukiisoma. Kama haikuja sura yoyote, ihifadhi. Mwenyewe atajitokeza, hata baada ya mwaka.

Na zipo makala ambazo kwenye kikundi hazina bahati kamwe. Jonah Berger na Katherine Milkman walichunguza karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona: zinazoamsha moyo, iwe kwa mshangao wa kicho, hasira au wasiwasi, ndizo zilizotumwa zaidi kwa barua pepe. Za huzuni zilitumwa kidogo. Huzuni humkalisha mtu, haimnyanyui akabonyeze kitufe. Kwa hiyo ukikutana na makala nzuri ya huzuni, ile inayokuacha umekaa kimya na kikombe kimepoa, usiitupe hadharani ukategemea chochote. Mpelekee mtu mmoja, tena jioni, na useme umempelekea yeye tu.

Jambo jingine kuhusu vikundi: usifowadi. Andika upya. Tangu 2018 WhatsApp imekuwa ikibana usambazaji wa ujumbe. Januari 2019 iliweka kikomo cha mazungumzo matano kwa wakati mmoja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwishapita mikono mingi ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Ujumbe wa aina hiyo hufika ukiwa na alama ya mishale miwili. Kampuni yenyewe ilisema baada ya hatua hiyo usambazaji wa jumbe hizo ulishuka kwa asilimia 70. Maana yake kwako ni kwamba makala uliyoipokea na kuisukuma hivyohivyo inafika kwa mjomba ikiwa na chapa ya kitu cha jumla, kitu ambacho hakuna mwenye nacho. Nakili kiungo, fungua ujumbe mpya, weka maneno yako. Inachukua sekunde kumi.

Kabla ya yote hayo kuna sharti ambalo naona aibu hata kulitaja: isome kwanza. Yote. Mwaka 2020 Twitter walianza kumuuliza mtu anayetaka kusambaza makala asiyoifungua kama angependa kuisoma kwanza, na baadaye wakaeleza kuwa walioonyeshwa swali hilo walifungua makala kwa asilimia 40 zaidi. Swali tu, bila kizuizi chochote. Najua wewe ni msomaji, lakini hata msomaji ana siku ambayo kichwa cha habari kimemfurahisha mno hata akaona mwili wake ni wa kazi gani.

Nina ushahidi wa nafsi yangu. Miaka ya nyuma rafiki alinitumia picha ya skrini ya makala iliyosema kuwa kuna ofisi imeajiri mtu wa kulala kwenye mikutano kwa niaba ya wakubwa. Nikaipenda kupita kiasi. Nikaiweka kwenye barua yangu ya wiki kama habari ya kweli, tena na maoni mazito kuhusu hali ya kazi katika zama zetu. Jibu la kwanza lilikuja ndani ya robo saa, sentensi moja: "Mwalimu, umelisoma jina la tovuti?" Nilikuwa sijalisoma. Picha ya skrini ilikuwa imekata sehemu ya juu, na jina lenyewe lilikuwa na neno "mzaha" ndani yake. Nilijifariji baadaye kwa kukumbuka kwamba Novemba 2012 tovuti ya gazeti la People's Daily la China iliinukuu The Onion, gazeti la kejeli la Marekani, lililomtangaza Kim Jong-un kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaongezea picha zake 55. Wao walikuwa na chumba kizima cha habari. Mimi nilikuwa peke yangu na kikombe cha chai.

Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo hayanichukui dakika mbili. Naangalia jina la tovuti na ukurasa wake wa "Kuhusu sisi", kwani tovuti nyingi za kejeli hujitaja humo bila kificho. Naangalia tarehe, maana makala ya miaka minane iliyopita ikifufuka huwatia watu hofu kama ya jana. Nikipewa picha ya skrini sikubali mpaka nimeipata makala yenyewe. Nachukua maneno machache ya ndani yake, nayatafuta nikiyafunga kwa alama za kunukuu. Na ikiwa ni ya kejeli lakini inachekesha kweli, naituma, ila naandika neno "kejeli" pale mwanzo. Kicheko hakipungui. Kinachopungua ni idadi ya wajomba watakaokwenda kubishana nayo kazini.

Kuhusu kiungo chenyewe sitasema mengi. Vile virefu vyenye mkia wa herufi za ajabu baada ya alama ya kuuliza, mara nyingi mkia huo ni wa kukufuatilia. Ukiona "utm_" au "fbclid", kata kuanzia hapo hadi mwisho. Tahadhari moja: kuna tovuti ambazo kilicho baada ya alama ya kuuliza ndiyo anwani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo ukishakata, kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari chako uone kama kinafika. Dirisha hilohilo litakuonyesha kama tovuti inamdai mgeni malipo kabla ya kusoma. Hakuna kinachoudhi kama kusifiwa chakula kisha ukakuta mlango umefungwa. Usinakili makala nzima ukaibandika kwenye ujumbe ili kukwepa hilo. Aliyeiandika anaishi kwa wasomaji wanaofika kwake.

Kuna ufundi mmoja mdogo ambao wengi hawaujui nao ni mtamu. Kwenye Chrome, tangu 2020, na baadaye kwenye vivinjari vingine vikubwa, unaweza kutengeneza kiungo kinachompeleka mtu moja kwa moja kwenye sentensi uliyoipenda. Chagua maneno kwa kipanya, bofya kulia, nakili kiungo cha sehemu hiyo. Mwenzako akifungua, ukurasa unateremka wenyewe mpaka pale, na maneno yamepakwa rangi. Yule kaka niliyemwambia aanzie aya ya tatu hana tena haja ya kuhesabu.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, la makala zinazopotea. Hapa sikulaumu hata kidogo. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Zaidi ya theluthi. Na mahali tunapoweka alama zetu napo hufa. Nilikuwa na ghala langu kwenye Google Reader, huduma ya kusomea makala za tovuti mbalimbali mahali pamoja. Ikafungwa Julai 2013. StumbleUpon, iliyokuwa ikikurusha kwenye ukurasa usioutarajia kila ukibofya, ikafungwa 2018. Pocket, nilikojaza makala za kusoma baadaye ambazo nyingine mpaka leo sijazisoma, ikafungwa Julai 2025. Nimefiwa mara tatu, nimejifunza.

Siku hizi nina faili moja la maandishi matupu, la aina ambayo kompyuta yoyote ya miaka ishirini iliyopita ingelifungua. Kila makala ina mistari michache: tarehe niliyoisoma, kichwa, mwandishi, kiungo, na ile sentensi niliyoitumia kuisindikiza. Makala ikiwa ya thamani sana naipeleka kwenye ghala la Internet Archive, ambalo Brewster Kahle alilianzisha mwaka 1996 na kulifungulia umma mwaka 2001 kwa jina la Wayback Machine. Unakwenda web.archive.org, unabandika anwani kwenye kisanduku cha kuhifadhi, unasubiri kidogo, unapewa kiungo cha nakala. Na zile ulizokwisha kuzipoteza, jaribu kuzitafuta humo kwa anwani zake za zamani zilizobaki kwenye jumbe zako. Mara nyingi mtu mwingine ameshaziweka.

Umeona nimeiweka sentensi kwenye faili. Niliianza kwa bahati tu, nikagundua baadaye kwamba ndiyo inayofanya kazi yote. Baada ya miezi sita hukumbuki kichwa cha makala wala jina la mwandishi. Vichwa vya habari vinafanana kama mapacha. Unachokumbuka ni kilichokuchekesha, kwa maneno yako. Nikitafuta "njiwa" kwenye faili langu naipata ile ya Bergen papo hapo, ingawa kichwa cha waraka wenyewe kinazungumzia wabebaji wa jamii ya ndege kwa lugha kavu ambayo nisingeikisia kamwe. Mstari ule uliouandika kwa ajili ya kaka yako utakurudishia makala wewe.

Kuhusu kimya, usimfuate mtu kumuuliza "umesoma?" Swali hilo hugeuza zawadi kuwa deni. Wapo wanaosoma wasiseme neno, kisha miaka miwili baadaye wanakusimulia makala yako kana kwamba wao ndio walioivumbua. Wasikilize mpaka mwisho, wala usiwakatize. Ukiwa na mmoja anayejibu kwa maneno, hata kama ni kupinga, huyo mtunze. Na mara mojamoja mwache yeye akutumie wewe, ukisome cha kwake vilevile unavyotaka chako kisomwe. Ulipoorodhesha unaowatumia, hukumtaja hata mmoja anayekutumia.

Shangazi usimtumie kiungo tena kwa sasa. Mpigie simu. Ukishamaliza salamu, mwambie kuna mtu mzima, mwenye elimu yake, aliyekaa maabara akamwelesha chura hewani, na waliomcheka baadaye wakasimama kumpigia makofi. Ataanza kuuliza maswali: kwa nini chura, na je, aliumia? Hakuumia. Maswali mengine hutaweza kuyajibu, na hapo ndipo umwambie unamtumia makala yenyewe.